Sauti Isomayo na Sikio la Likasi: Uhakiki wa Hadithi za Watoto katika Vishikwambi

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya watoto kwa Kiswahili, mazoea yamekuwa kupima hadithi kwa dhamira, wahusika, lugha na picha zake. Mhakiki huketi na kitabu, akauliza kama mtoto wa miaka sita au saba ataielewa lugha iliyotumika, na kama picha zinayabeba maneno au zinayapinga. Vigezo hivyo bado vina kazi. Lakini tangu hadithi zianze kusomwa katika kompyuta, na baadaye katika simu na vishikwambi, ameongezeka mshiriki mmoja ambaye uhakiki huo haujamzoea, naye ni sauti. Hadithi ya aina hii hujisoma yenyewe. Mtoto hugusa neno, neno likatamkwa. Hugusa picha, picha ikasogea. Huacha kugusa, na hadithi ikamsubiri. Makala haya yanaihakiki sauti hiyo kutoka mahali maalumu: mji wa Likasi, jimbo la Haut-Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko Kiswahili ni lugha ya nyumbani, ya soko na ya mgodini, ila si Kiswahili kile kinachosemwa na sauti ya kishikwambi.

Hadithi zijisomazo si jambo la jana. Mwaka 1992 kampuni ya Brøderbund ya Marekani ilitoa katika diski hadithi ya Mercer Mayer, Just Grandma and Me, kuhusu kiumbe mdogo anayekwenda pwani na bibi yake. Karibu kila kitu kilichochorwa humo, kikiguswa, kilicheza au kuimba. Wazazi walifurahi, watoto walifurahi zaidi, na kwa miaka mingi watengenezaji wa programu hizi waliamini kwamba wingi wa vitu vya kugusa ndio ubora wenyewe. Imani hiyo ilitikiswa na uchunguzi wa Zsofia Takacs, Elise Swart na Adriana Bus uliochapishwa mwaka 2015, ambao ulikusanya matokeo ya tafiti 43 zenye watoto 2,147. Kwa jumla hadithi za kielektroniki zilisaidia kidogo uelewa na msamiati kuliko usomaji wa kawaida. Msaada huo ulitokana na picha na sauti zilizokwenda sambamba na masimulizi. Michezo na vitu vya kuguswa visivyohusiana na hadithi vilimtoa mtoto katika kisa, naye hakurudi kwa urahisi.

Kwa Kiswahili, jaribio kubwa zaidi la programu za kusomea lilifanyika Tanzania. Shindano la Global Learning XPRIZE, lililotangazwa mwaka 2014 likiwa na zawadi za dola milioni 15, lilizipeleka programu tano za washindani wa mwisho katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa wa Tanga. Watoto karibu 3,000 walipewa vishikwambi, wakavitumia kwa miezi 15 bila mwalimu wa kuwaongoza. Kwa maelezo ya waandalizi, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hapo mwanzo hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na mwisho wa jaribio idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Tarehe 15 Mei 2019 zawadi kuu iligawanywa kati ya onebillion ya Uingereza na Kitkit School ya kampuni ya Enuma, na programu zote tano ziliachwa huru ili yeyote azichukue na kuzibadilisha.

Matokeo hayo si haba, ingawa msomaji makini ataona pia upande wake wa pili: nusu iliyobaki ilikaa na kishikwambi mwaka mmoja na robo bila kupata neno moja la kusoma. Jambo muhimu zaidi kwa makala haya ni mahali penyewe. Vijiji vya Tanga vina wasemaji wengi wa Kisambaa, Kizigua na Kidigo, kwa hiyo si kila mtoto alikuwa na Kiswahili kama lugha ya kwanza. Hata hivyo Kiswahili walichokisikia redioni, msikitini, kanisani na dukani kilikuwa ndicho kile cha programu. Sauti ya kishikwambi haikuwa ngeni. Kwa kuwa programu hizi sasa ni huru na zimeitwa za Kiswahili, ni rahisi kudhani kwamba zinafaa popote Kiswahili kisemwapo.

Mji na lugha yake

Likasi iliitwa Jadotville hadi mwaka 1966, kwa jina la Jean Jadot, Mbelgiji aliyeiongoza Société Générale de Belgique. Ni mji uliozaliwa na shaba. Union Minière du Haut-Katanga iliwakusanya huko wafanyakazi waliosema Kisanga, Kiluba, Kibemba, Tshiluba na lugha nyingine nyingi, na Kiswahili kikawa lugha ya kuwaunganisha kambini na kazini. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, ameeleza jinsi wakoloni walivyokichukua Kiswahili na kukifanya chombo cha kuendeshea kazi kati ya 1880 na 1938. Lakini watoto waliozaliwa kambini hawakukiona kama chombo cha mtu. Walikirithi kama lugha ya mama.

Wakati huohuo, upande wa mashariki, Kiswahili kilikuwa kikisanifishwa. Lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza ilianza kazi mwaka 1930. Kongo ya Wabelgiji haikuwa na kiti katika kamati hiyo. Ndiyo maana mtoto wa Likasi husema mutoto na batoto pale kitabu kinaposema mtoto na watoto. Husema bintu kwa vitu, mayi kwa maji, kuya kwa kuja, moya kwa moja. Shuleni kwake ni ku masomo. Baiskeli ni kinga. Ugali ni bukari. Hata neno makala, ambalo wasomaji wa jarida hili wanalisoma sasa bila kusita, kwa mama wa Likasi ni makaa ya kupikia, na hapana shaka ana haki ya kushangaa kuona watu wakiyaandika.

Tofauti hizi zimekwisha kuelezwa na wataalamu wa isimu, kuanzia Edgar Polomé katika miaka ya 1960 hadi Walter Schicho na Vincent de Rooij baadaye. Orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha, ISO 639-3, hukipa Kiswahili cha Kongo msimbo wake, swc, mbali na swh cha pwani. Msimbo huo ni mpana mno, kwa sababu unakiweka Kiswahili cha Bunia na cha Likasi katika kapu moja, lakini angalau unakiri kwamba jambo lipo.

Sauti na herufi

Mtoto anayejifunza kusoma hufanya kazi moja ngumu: huunganisha alama anayoiona na sauti anayoijua. Kiswahili kina sifa nzuri katika hili, kwa kuwa herufi zake hazibadiliki ovyo. Sifa hiyo ndiyo inayofanya programu za kusomea kwa Kiswahili ziwe rahisi kutengeneza kuliko za Kiingereza. Lakini hutegemea sharti moja, kwamba sauti anayoijua mtoto ndiyo iliyoandikwa.

Mathalani, neno mtoto. Katika kishikwambi limeandikwa kwa m peke yake, na sauti husoma m-to-to. Mtoto wa Likasi husema mu-to-to. Silabi ni tatu huku na tatu kule. Hesabu imekubaliana, ila anapoitafuta u haioni. Amefundishwa kwamba kila sauti ina herufi yake, na hapa neno la kwanza kabisa linalomhusu yeye mwenyewe linamkanusha. Katika maji atakuta j mahali ambapo ulimi wake una y. Akivuka kwenda somo la Kifaransa, j hiyohiyo itasomwa kwa sauti ya tatu, ile ya jour.

Herufi ch ina mkasa mrefu zaidi. Kwa Kiswahili sanifu ni sauti ya mwanzo wa chakula. Kwa Kifaransa, katika chat, ni ile ambayo Kiswahili huiandika sh. Na sauti ya chakula yenyewe, mtoto wa Kongo tayari ameiona ikiandikwa kwa namna nyingine, tsh, katika majina ya watu: Tshombe, Tshisekedi, pengine jina la baba yake katika kadi ya uchaguzi. Kwa hiyo kabla hajamaliza darasa la kwanza amekutana na sauti moja yenye maandishi mawili, na andiko moja lenye sauti mbili. Mwalimu hodari husimama hapo dakika kumi, akayapanga mambo hayo ubaoni, akasema: kwetu tunatamka hivi, kitabuni huandikwa hivi, Wafaransa hufanya vile. Sauti ya kishikwambi haisimami. Ikiguswa mara kumi hurudia neno lilelile mara kumi, kwa upole uleule.

Utata huongezeka pale programu inapokuwa na sikio pia. RoboTutor, ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mojawapo ya programu tano za Tanga, ilitengenezwa ili imsikilize mtoto akisoma. Wazo hilo ni jema, na katika usomaji wa mtoto mpweke asiye na mkubwa wa kumsikiliza ni msaada usiobezwa. Lakini mtoto wa Likasi akiona mtoto na kusema mutoto, au akiona watoto na kusema batoto, amefanya nini? Amesoma. Tena amesoma vizuri kuliko yule anayekariri m-to-to bila kujua inamwelekeza kwa nani, kwa sababu amelitambua neno na kulipeleka katika lugha yake papo hapo. Mashine iliyofunzwa kwa matamshi ya sanifu peke yake itamhesabia kosa. Itamhesabia kila siku, kwa tabasamu na kwa uvumilivu, mpaka ajifunze kwamba lugha ya mama yake ni orodha ya makosa. Mwalimu mkali wa zamani alifanya hivyohivyo kwa fimbo, na walau mtoto alijua kumchukia.

Jambo jingine la kiufundi lafaa kutajwa hapa kwa ufupi. Programu nyingi za aina hii huliwasha neno zima kwa rangi linapotamkwa. Mtindo huo umetoka katika Kiingereza, ambako maneno mengi ya hadithi za watoto ni mafupi. Kwa Kiswahili neno moja linaweza kuwa sentensi nzima, na jicho la mtoto huachwa likielea juu ya silabi sita zilizowaka kwa pamoja. Kuwasha silabi moja moja kungefaa zaidi, Tanga na Likasi pia.

Maandishi yaliyohitaji msomaji

Kuna kisa katika historia ya maandishi ya Katanga ambacho kinaangaza suala hili kuliko nadharia nyingi. Mwaka 1965 kikundi cha watu waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kilitoa historia ya mji wao kwa Kiswahili cha huko, chini ya jina la André Yav. Iliandikwa bila kufuata tahajia yoyote iliyokubaliwa; maneno yameunganishwa mahali na kukatwa mahali pengine, na anayeisoma kimya hupotea. Fabian alipoichapisha mwaka 1990 alifanya hivyo kwa msaada wa Kalundi Mango, mwenyeji wa Katanga, ambaye aliisoma kwa sauti. Alipoisoma, maandishi yaliyoonekana vurugu yakawa masimulizi yenye pumzi, vituo na kejeli. Maana ilikuwa imo muda wote. Ilichokosa ni koo linaloijua.

Kazi ya Kalundi Mango ndiyo hasa kazi ambayo sauti ya kishikwambi inadai kuifanya: kuyatoa maandishi katika kimya chake na kuyarudisha katika usemi. Tofauti ni kwamba yeye aliyapeleka maandishi kwa sikio la wenyewe. Sauti ya kishikwambi huyapeleka kwa sikio la mbali, kisha hulitaka sikio la karibu limfuate.

Wala haifai kusema kwamba Kiswahili cha Katanga si lugha ya sanaa. Kikundi cha Mufwankolo huko Lubumbashi kiliigiza kwa miaka mingi redioni na katika televisheni kwa lugha hiyo, na michezo yake ilikusanywa na Schicho na Mbayabo Ndala katika kitabu cha mwaka 1981. Watu walicheka, walilia, walijitambua. Sanaa ya lugha hiyo imestawi zaidi kwa mdomo kuliko kwa kalamu, na kifaa kinachounganisha mdomo na kalamu kingepaswa kuwa rafiki yake wa kwanza.

Kikapu cha bibi

Uhakiki usiogusa hadithi yenyewe hubaki porojo. Mfano unaofaa ni hadithi ya Ursula Nafula wa Kenya kuhusu ndizi za bibi, mojawapo ya hadithi zilizoenea sana za African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini ulioanza mwaka 2014. Hadithi zake ni huru: yeyote anaweza kuzisoma, kuzitafsiri na kuzibadilisha, na programu mbili za simu, moja ya kusomea na nyingine ya kutungia, huurahisisha mchakato huo.

Msimulizi ni mtoto. Bibi yake ana shamba lenye mazao mengi, na ndizi ndizo azipendazo kupita yote. Ana kikapu kikubwa anachokificha, na mtoto haambiwi ni cha nini. Mtoto anagundua kwamba humo ndimo ndizi zinamoiviwa, chini ya majani ya mgomba. Anachukua moja. Halafu anachukua tena. Mwishowe watu wazima wanamwita, naye anajua wanajua.

Ubora wa hadithi hii uko katika mambo isiyoyafanya. Hakuna zimwi, hakuna kiboko, wala hakuna mwalimu anayejitokeza mwishoni kueleza kwamba wizi ni mbaya. Aibu yote imo ndani ya mtoto anayesimulia, na msomaji mdogo huibeba pamoja naye. Muundo wa kurudia kitendo, kila safari kwa ujasiri zaidi, ni wa ngano za kale, lakini moyo wake ni wa kisasa: ni hadithi ya siri kati ya watu wawili wanaopendana.

Katika kurasa za African Storybook picha zimetulia. Mtengenezaji wa programu akitaka kuzichangamsha, hadithi hii inampa nafasi adimu. Akiweka nyani wa kurukaruka anayepiga kelele kila akiguswa, ataua siri yote, na atakuwa amefanya kosa lilelile walilolieleza Takacs na wenzake. Lakini akiweka jani la mgomba ambalo mtoto lazima alifunue kwa kidole chake ili ndizi ionekane, mguso wenyewe unakuwa sehemu ya dhamira. Msomaji si shahidi tena. Mkono wake umo kikapuni. Maingiliano ya aina hii ni ya kifasihi kweli, na mifano yake ni michache mno.

Hadithi hiyo ikifunguliwa Likasi, neno la kwanza la kikwazo ni mhusika mkuu. Kwa Kiswahili cha Tanzania mama yake mama ni bibi. Likasi, bibi ni mke. Mtoto atakayegusa neno hilo na kulisikia likitamkwa vizuri kabisa atapata hadithi nyingine: mke wa mtu fulani ana kikapu cha siri, na mtoto asiyejulikana anamwibia. Picha ya mwanamke mzee itamsaidia kiasi, ila upendo unaoifanya aibu ya mwisho iume utakuwa umepungua tangu ukurasa wa kwanza. Tafsiri za Kenya hupenda nyanya badala ya bibi, na neno hilo humpeleka msomaji wa Tanzania sokoni kununua mboga, sembuse Mkongo. Neno la Likasi ni nkambo. Hulitumia kwa babu na bibi pia, na kwa wahenga, kwa hiyo lina uzito ambao bibi ya pwani haina.

Basi anayeifanyia hadithi hii toleo la Likasi aandike nkambo. Hapo tatizo jingine hujitokeza, ambalo wanaotetea lugha ya nyumbani kwa maneno matupu hawalitaji. Kwa mtoto anayeanza kusoma, bibi ni zawadi: silabi mbili sawa, herufi mbili tu za kujua. Nkambo huanza na konsonanti mbili zilizofuatana, kisha katikati huja mbili nyingine. Neno lililo karibu na moyo liko mbali na jicho, na lililo rahisi kwa jicho linadanganya moyo. Mpangilio wa viwango wa African Storybook, ambao huanza na maneno machache kwa ukurasa, unadai maneno mepesi hapo mwanzo. Hukumu ya makala haya ni kwamba nkambo ishinde. Mtoto anayejua neno linakoelekea huvuka konsonanti ngumu kwa kuruka, kama anavyovuka mfereji wa njia ya nyumbani. Asiyejua linakoelekea atajikwaa hata kwenye silabi nyepesi, na hatajua kwamba amejikwaa.

Nani asome?

Sheria ya elimu ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 ilizipa lugha za taifa, Kiswahili kikiwamo, nafasi ya kufundishia katika elimu ya msingi, na kati ya 2015 na 2020 mradi wa ACCELERE!, uliogharimiwa na Marekani na Uingereza, ulitoa vitabu vya kusomea kwa Kiswahili, Lingala na Ciluba pamoja na Kifaransa. Mpango wa kisheria haukosekani. Kinachokosekana ni uamuzi kuhusu Kiswahili kipi, na hapo kambi mbili huvutana.

Kambi ya kwanza hutaka sanifu peke yake. Hoja yake ina nguvu: kitabu cha sanifu husomwa Likasi, Goma, Kigoma na Mombasa, na mtoto aliyekizoea amefunguliwa maktaba nzima ambayo lahaja yake haina. Kambi ya pili hutaka lugha ya mji iandikwe kama inavyosemwa, na hoja yake pia haipuuziki. Pembeni wapo wazazi, ambao mara nyingi hawako katika kambi yoyote. Wanataka Kifaransa, kwa sababu ndicho kilichoandikwa katika tangazo la kazi. Mzazi huyo akionyeshwa kishikwambi cha Kiswahili huuliza kwa nini mtoto apoteze muda kujifunza anachokijua. Na akikisikiliza, hugundua kwamba mtoto hakijui. Pande zote mbili anatoka na sababu ya kukizima.

Yamkini njia ya kutokea imo katika kifaa chenyewe. Kitabu cha karatasi kina maandishi ya namna moja, na mwandishi hulazimika kuchagua. Hadithi ya kishikwambi inaweza kuwa na sauti mbili juu ya ukurasa mmoja. Hadithi za kwanza kabisa ziwe na maandishi na sauti ya Likasi, kwa maneno ya nyumbani: mutoto, mayi, bukari, nkambo. Hadithi zifuatazo zichapishwe kwa sanifu, na mtoto akigusa maji asikie maji, kisha, kwa sauti ya mtu wa mjini kwake, mayi. Hilo ndilo jambo ambalo mwalimu hodari hulifanya ubaoni, nalo halihitaji ufundi mkubwa. Pale programu inaposikiliza, ikubali matamshi yote mawili kuwa usomaji sahihi.

Gharama zake si kubwa, lakini zipo. Mtu wa kusoma apatikane, mkubwa wa umri kwa hadithi ya nkambo, mwenye kujua mahali pa kunyamaza. Simu ya kawaida yatosha kurekodia. Umeme ni shida ya pekee: bwawa la Mwadingusha katika mto Lufira, si mbali na Likasi, lilijengwa na Union Minière na kuanza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya migodi, na tangu wakati huo viwanda vimekuwa mbele ya nyumba katika foleni ya umeme. Betri za vishikwambi kwa kawaida huwa na kobalti ndani yake, na kobalti nyingi ya dunia huchimbwa katika ukanda huu. Viwanda vya Shituru, hapo hapo Likasi, vimekuwa vikisafisha shaba na kobalti kwa miongo mingi. Kifaa kinachotoka mji huu kikiwa madini na kurudi kikiwa na hadithi kingeweza angalau kurudi na sauti inayotambulikana.

Linabaki jambo dogo la ukurasa wa mwanzo, pale programu nyingi zinapomtaka mtoto aandike jina lake kabla ya kufunguliwa hadithi. Msahihishaji wa sanifu angependa Tsh igeuzwe Ch ili ilingane na chakula na chura katika kurasa zinazofuata. Isigeuzwe. Jina liandikwe kama lilivyo katika cheti cha kuzaliwa, na sauti ilisome kama mama anavyoliita.